Kusuka Transfoma Si Kazi ya Walioshindwa

Juzi niliweka vidio ya sekunde arobaini. Mimi, mashine ya kusukia ya mkono, waya wa shaba mwembamba kama unywele, na midomo yangu ikihesabu. Basi. Hakuna muziki, hakuna vichekesho. Komenti iliyopata mioyo mingi kuliko vidio yenyewe ikasema: "Chuo umeacha, sasa wasuka waya kama nyanya anavyosuka ukili?"

Nilicheka, wallahi. Halafu usiku sikulala vizuri.

Kwa sababu ni kweli. Nimeacha chuo. Nilisoma uhandisi wa umeme semista nne, karo ikakatika, nikarudi nyumbani Shimoni. Mama bado hajawaambia jirani wote. Akiulizwa husema "yuko likizo", na hiyo likizo sasa ina mwaka na miezi. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba nasuka waya kwa sababu nimeshindwa na shule, hanitanii mimi peke yangu. Anamgusa na mama.

Sasa leo nataka kujibu. Sijibu kwa hasira, najibu kwa hesabu. Na nikimaliza mtaniambia nani kashindwa.

Mambo yalianza hivi. Babu yangu alipiga gitaa kwenye mahoteli ya Diani enzi zile bendi zilikuwa kila hoteli, watalii wakila chakula cha jioni huku wanatumbuizwa. Alipofariki aliacha vitu viwili vya maana: gitaa, ambalo mjomba alilichukua, na ampu ya valvu, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ni nzito na haikuwa ikilia. Kama hujawahi kuona valvu, ni vichupa vya kioo vyenye nyaya ndani, vinawaka rangi ya chungwa kama kaa la jiko. Ampu za siku hizi hazina, zina transista na chipu. Lakini wapiga gitaa dunia nzima bado wanazilipia valvu pesa nyingi, kwa sababu ukizisukuma mpaka mwisho zinakwaruza sauti kwa utamu fulani. Huo mkwaruzo ndio wengi wetu tunauita "sauti ya gitaa la umeme".

Ampu ya babu ilikaa miaka kwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka gatini. Mnaoishi pwani mnajua kinachotokea. Hewa ya huku ina chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu unakula kila chuma na kila shaba isiyofunikwa vizuri. Nilipoifungua, valvu zilikuwa nzima. Kilichokufa ni transfoma ya spika. Waya wa ndani ulikuwa umekatika, na vibati vya chuma vimeshikana kwa kutu hadi vimekuwa tofali moja.

Mtalii mmoja alishaniambia ataichukua ilivyo. Bei aliyotaja ingelipa deni langu dukani na kubaki. Mama akasema uza. Mimi nikaomba mwezi mmoja.

Twende darasani kidogo, msikimbie. Valvu inatoa volti nyingi na mkondo kiduchu. Spika inataka kinyume: volti kidogo, mkondo mwingi. Ukiziunganisha moja kwa moja hupati kitu cha maana. Kati yao lazima akae mkalimani, na mkalimani ndiye transfoma. Ina koili mbili zilizosukwa juu ya kiini kimoja cha chuma. Ya kwanza yaitwa praimari, iko upande wa valvu. Ya pili yaitwa sekondari, iko upande wa spika. Hakuna waya unaoziunganisha. Umeme wa moja unaamsha usumaku kwenye chuma, usumaku unaamsha umeme kwenye nyingine. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1831 kwa pete ya chuma na nyaya alizozungusha kwa mikono yake. Ndiyo, alisuka.

Ampu ya babu ina valvu mbili aina ya EL84 zinazosukumana kwa zamu, hii ikienda mbele ile inarudi nyuma. Jozi hiyo kwa kawaida inataka ione mzigo wa omu 8,000 hivi. Spika yangu ni ya omu 8. Gawanya: 8,000 kwa 8 ni 1,000. Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Mizunguko ya waya haifuati 1,000, inafuata kipeuo cha pili cha 1,000, ambacho ni 31.6. Yaani kila mzunguko mmoja wa sekondari unahitaji karibu mizunguko 31.6 ya praimari.

Sekondari ya zamani ilikuwa bado nzima, nikaifungua huku nahesabu: mizunguko 80. Zidisha kwa 31.6, unapata kama 2,530. Katikati ya praimari kuna mguu wa kuingizia umeme, kwa hiyo ni 1,265 upande huu na 1,265 upande ule.

Nikajiona mhandisi. Fomyula nilikuwa nayo, na chuoni swali kama hilo nililipata sawa kwenye mtihani. Nikachukua kiini cha transfoma ndogo kutoka redio mbovu, nikasuka kwa mkono usiku tatu, nikafunga. Nyuzi nyembamba zikaimba vizuri. Nikagusa ule waya mnene wa gitaa, sauti ikatoka imepondeka, kama mtu anayeongea na ugali mdomoni.

Hapo ndipo nilipopanda bodaboda hadi Kanana, nikadandia matatu ya Ukunda, kumtafuta mzee mmoja anayesuka mota za pampu na jenereta. Jina lake silitaji, hataki kelele. Nikaingia na transfoma yangu kwenye mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione." Akaishika, hakutazama waya hata kidogo. Akapima kiini kwa kidole gumba. "Uwiano wako sawa. Chuma hakuna."

"Chuma si hicho, ami?"

"Hicho ni cha redio ya betri. Weye watia dau la watu kumi watu ishirini, halafu washangaa maji yaingia."

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzo. Wati 15 kwenye omu 8,000 ni volti 346 juu ya praimari. Waya mnene wa gitaa, ukipigwa wazi, unatetema mara 82 kwa sekunde. Kadiri mtetemo unavyokuwa wa polepole, ndivyo kila msukumo unavyodumu zaidi na chuma kinavyobeba usumaku mwingi zaidi. Kiini changu kilikuwa na upana wa sentimita 2 za mraba. Ukiweka namba hizo kwenye fomyula, chuma kinatakiwa kubeba karibu tesla 1.9. Chuma cha kawaida cha transfoma kinashiba kabla ya hapo. Kikishashiba hakiongezi kitu, kinakata kichwa cha sauti. Ndiyo ule ugali mdomoni.

Fomyula hiyo niliwahi kuiandika ubaoni mbele ya darasa zima. Lakini sikuwahi kushika kiini cha chuma mkononi nikajua kidogo kinakuwaje na kikubwa kinakuwaje. Mzee alijua kwa kidole gumba. Mimi nilijua kwa kalamu. Wote wawili tulikuwa sahihi, ila yeye alichukua sekunde tano.

Nilirudi Ukunda wiki iliyofuata na nikakaa siku tisa. Alinipa kiini kutoka stabilaiza iliyoungua, sentimita 5 za mraba. Kwa hicho hesabu inashuka hadi tesla 0.75, nafasi kibao. Na nilijifunza mambo ambayo nitayaandika hapa ili yasibaki kichwani mwangu peke yangu.

Moja: usisuke praimari yote kisha sekondari yote juu yake. Suka nusu ya praimari, weka sekondari, malizia na nusu ya pili. Sekondari ikae katikati kama mayai kwenye mkate. Koili zikiwa mbalimbali, sehemu ya usumaku inapotea njiani na sauti za juu zinakufa. Nusu ya ndani itakuwa na omu chache kuliko ya nje kwa sababu mizunguko yake ni mifupi. Ukipima ukaona tofauti, usiogope. Muhimu ni idadi ilingane.

Mbili: kila safu ya waya iwekewe karatasi ya kuhami, na baina ya praimari na sekondari ziwe kadhaa. Pale pana volti mamia. Mzee alisema, "Karatasi ni rahisi, maiti ni ghali."

Tatu: ampu yenye valvu mbili zinazosukumana, vile vibati vyenye umbo la E na I unavipanga kwa kupishana, hiki huku hiki kule, vibane kabisa. Ampu yenye valvu moja ni tofauti. Mkondo wake unapita upande mmoja tu muda wote na kukishibisha chuma, kwa hiyo E zote zinakaa upande mmoja, I upande mwingine, na katikati unaacha nafasi kwa karatasi. Ukizichanganya hizi mbili umeharibu kazi.

Nne, na hii ni ya sisi wa pwani: ukimaliza, pasha koili moto unyevu wote utoke, ndipo uizamishe kwenye vanishi, kisha uikaushe tena. Ukizamisha koili yenye unyevu umeifungia adui ndani ya nyumba. Transfoma ya babu ilikufa kwa hilo hilo, vanishi haikuingia mpaka ndani.

Siku ya kuiwasha, ampu ilipiga yowe. Sijagusa gitaa, inalia yenyewe kama king'ora. Nikadhani nimeua kila kitu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Ampu ya babu inachukua sauti kidogo kutoka sekondari na kuirudisha nyuma ili kuituliza. Nilikuwa nimebadilisha miguu ya praimari, kwa hiyo badala ya kutuliza ilikuwa inachochea. Tulizima, tukasubiri, tukapishanisha nyaya mbili, tukawasha. Kimya. Kisha nikapiga ule waya mnene.

Sitawaeleza ile sauti. Nitaiweka kwenye vidio inayofuata. Niseme tu kwamba mama alikuwa kwenye simu akisikiliza kutoka Shimoni, na hakusema kitu kwa muda, kisha akasema, "Hiyo ni sauti ya baba."

Sasa maoni yangu, maana ndiyo mliyokujia.

Kwanza, kwa aliyeandika komenti ya ukili. Nyanya yangu anasuka ukili kweli. Mtazame siku moja. Anahesabu miyaa bila kutazama, anajua jamvi la upana gani linataka ukili wa urefu gani, na akikosea pale mwanzo anaona mwisho wake kabla hajafika. Hiyo ni kudizaini, bro. Kudizaini ni kujua kabla ya kuanza kitu kitakuwa na ukubwa gani, na kwa nini. Umenifananisha na mhandisi ukidhani unanitukana.

Pili, kwa wale wa upande wangu, wanaoniandikia "umeona, chuo ni bure, acheni wote". Hapana. Msinitie kwenye hiyo safari. Fomyula iliyonionyesha kosa langu niliipata darasani. Bila hiyo ningeendelea kubahatisha viini mpaka waya uishe. Mzee mwenyewe ana daftari la kurasa zilizochakaa, mota baada ya mota, mizunguko mingapi, waya unene gani, lakini ukimletea kitu kisicho kwenye daftari huanza kukisia. Alinishika mkono akaniomba nimwandikie ile fomyula ukurasa wa mwisho, kwa Kiswahili. Mtu wa miaka sitini na kitu. Akaniambia, "Mimi sekondari sikuingia, lakini sekondari nilizosuka hazihesabiki." Kisha akainakili tena kwa mwandiko wake ili ahakikishe ameielewa.

Kuna kijana wa Scotland aliyeitwa Theo Williamson. Mwaka 1943, akiwa na miaka 20 hivi, alifeli hesabu na kuondoka Chuo Kikuu cha Edinburgh. Akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha valvu. Mwaka 1947 jarida la Wireless World lilichapisha ampu yake, na moyo wa ampu hiyo ulikuwa transfoma ya spika: praimari imegawanywa sehemu 10, sekondari sehemu 8, zimepishana. Alitoa vipimo vyote hadharani na watu nchi nyingi wakaijenga majumbani kwao. Leo Fender, ambaye jina lake liko kwenye magitaa mnayoyaota, alisomea uhasibu. Umeme alijifunza mwenyewe, na mwaka 1938 alikuwa na duka la kutengeneza redio California. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma mwenye duka London. Ampu zake za kwanza za miaka ya 60 zilitumia transfoma zilizokuwa zikiuzwa madukani pale pale Uingereza, na hilo ni mojawapo ya yaliyozifanya zilie tofauti na zile za Marekani walizoziiga.

Mnaona mfano unaenda wapi? Siwatajii watu hawa ili mseme shule haina maana. Nawataja kwa sababu kila mmoja alikuwa na mahali pa kuingia baada ya shule kukataa. Kiwanda. Duka la redio. Benchi. Williamson alitoka darasani akaangukia kiwandani, hakuangukia kibarazani kucheza karata na kuambiwa yuko likizo.

Sisi huku, ukitoka darasani, kuna nini? Kuna boti za watalii wa Wasini na Kisite, kuna uvuvi, kuna bodaboda. Zote kazi halali, nazifanya mwenyewe msimu ukifika. Lakini yule mzee wa Ukunda hana mwanafunzi hata mmoja. Wanawe wako Mombasa na wengine Uarabuni. Macho yake yameanza kumsaliti, waya wa milimita 0.16 haoni tena, anaupapasa. Siku akifunga kibanda chake, ujuzi wa miaka arobaini utauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Vyuo vya ufundi vya pwani viwe na benchi la kusuka, na mzee kama huyu aitwe afundishe siku mbili kwa wiki, alipwe, bila kuulizwa cheti cha mwaka gani. Kama karatasi ni lazima, NITA ina majaribio ya ufundi ya serikali, daraja la tatu hadi la kwanza, yanayopima mikono ya mtu. Na vyuo vikuu navyo: mwanafunzi wa umeme asimalize mwaka wa pili kabla hajasuka transfoma moja, akaiwasha, ikamzomea, akatafuta kosa. Ile yowe ilinifundisha kuliko semista nzima.

Na kwenu mnaopiga gitaa chumbani: hamhitaji ampu ya valvu. Programu ya simu na spika ndogo zinatosha kujifunzia, msidanganywe na watu wa intaneti. Lakini kama mnayo ya zamani nyumbani, msiitupe. Na msiiguse kabla ya kujua. Ndani kuna zaidi ya volti 300, na kapasita zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Zitoe umeme kwa rezista kwanza, pima kwa mita, na mkono mmoja ukae mfukoni. Na msiwashe ampu ya valvu bila spika kuunganishwa. Umeme ukikosa pa kwenda unaruka ndani ya koili na kutoboa karatasi, na kazi yote ya kusuka inaanza upya.

Mtalii alirudi wiki iliyopita. Aliisikia ikilia, akapandisha bei. Nilimwambia ampu haiuzwi, ila kama ana nyingine mbovu ailete, nitamsukia. Ameniletea mbili. Mama ameanza kuwaambia jirani kwamba kijana wake ni fundi.

Bado nataka kumaliza digrii. Nikipata karo nitarudi, na nitarudi na mfuko wangu wa vibati. Kwa sasa, mtu yeyote kati ya Lunga Lunga na Likoni mwenye mzee anayesuka mota mtaani kwao, fanya hivi: nenda, mwamkie, kaa naye siku moja, mwombe upige picha daftari lake. Usimuulize alisoma wapi. Muulize ni mizunguko mingapi.